Ndimu kwanza, chupa baadaye: mwongozo kamili wa kokteli za nyumbani Mombasa

Nimesimama nyuma ya kaunta za hoteli za ufuoni kwa miaka 11, kutoka Nyali hadi Diani, na swali ninaloulizwa zaidi ni moja: ninunue chupa gani? Sijawahi kuulizwa ninunue ndimu gani. Lakini kokteli ya ndimu ikiharibika, mara nyingi pombe haina kosa. Hoteli ya kwanza kuniajiri ilikuwa ikikamua ndimu mara moja kwa juma na kuiweka juisi kwenye madumu ya plastiki ndani ya friji. Kufikia Jumatano ilikuwa chungu na imeshika harufu ya kabati lililofungwa. Wageni wakarudisha glasi. Meneja akaagiza vodka ya bei ya juu zaidi. Glasi zikaendelea kurudi. Siku niliyoanza kukamua ndimu mbele ya mgeni, papo hapo, glasi ziliacha kurudi, na vodka ilikuwa ileile ya zamani.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa ndimu nzuri, sukari, barafu safi na chupa moja ya kawaida, unaweza kutengeneza jikoni kwako kinywaji kizuri kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa barazani mwa hoteli. Mwongozo huu ni wa watu wazima, waliotimiza miaka 18 na wanaotumia kileo. Wasiotumia nimewawekea sehemu yao, na nimeipa uzito uleule kwa sababu katika mji huu nusu ya wageni wako huenda wakawa wao.

Sokoni

Kiswahili cha pwani kimelipa jina lake kila tunda la ukoo huu, na majina yenyewe yanakuelekeza kwenye ladha. Ndimu ni ile ndogo ya mviringo, ganda jembamba, kijani inayoelekea manjano. Ina asidi kama asilimia 6, na ndiyo uti wa mgongo wa karibu kila kinywaji hapa chini. Limau ni kubwa kidogo, la manjano, ukali wake unakaribiana na wa ndimu lakini harufu yake ni ya upole. Chungwa lina asidi kama asilimia 1 tu, ndiyo maana kokteli ya juisi ya chungwa peke yake hulala kinywani. Lazima uisukume kwa ndimu. Chenza lina manukato mazuri na utamu mwingi. Danzi, lile chungwa kali na chungu ambalo watu wengi hulipita sokoni, lina ganda lenye harufu isiyo na mfano, na nitalirudia. Balungi lina uchungu mtamu. Furungu, lenye ganda nene kama godoro, mimi hulila kwa mkono tu.

Bara watu wengi huita ndimu na limau kwa jina moja. Humu nikisema ndimu, nina maana ya ile ndogo.

Nenda Kongowea alfajiri ukiweza, au Marikiti kabla jua halijakaza. Usichague kwa rangi peke yake, chagua kwanza kwa uzito. Shika ndimu mbili za ukubwa sawa, moja kila mkono. Iliyo nzito ndiyo yenye maji. Ganda liwe laini na jembamba, lisiwe na vinundu. Ile ya kijani kibichi, ngumu kama kokoto, inapendeza kwa macho lakini haitoi kitu. Iliyoanza kugeuka manjano kidogo, inayobonyea ukiiminya, ndiyo yako. Kuna shangazi mmoja ninayemnunulia siku zote. Nikimwuliza, "Shangazi, hizi ni za leo?" hunijibu, "Bonyeza mwenyewe, mwanangu, usinisikilize mimi." Huo ni ushauri wa kweli kuliko wowote nilioupata kazini.

Kwa machungwa, usiogope ganda la kijani. Huku kwetu usiku hauna baridi ya kulifanya ganda ligeuke rangi, kwa hiyo chungwa la Kilifi, la Kwale, au lililovuka mpaka kutoka Muheza linaweza kuwa limeiva barabara na bado likabaki kijani. Hapo pia, pima uzito.

Nyumbani usizitie ndimu kwenye friji siku utakayozitumia. Ndimu baridi ni ngumu na hubana maji yake. Ioshe, ivingirishe juu ya meza kwa kiganja huku ukiilemea hadi uihisi imelegea, kisha ikate kwa upana, si kutoka kikonyo hadi kitakoni. Kamua kwa nguvu ya wastani. Ukiisokota hadi ganda liparare, unaingiza uchungu wa ile nyama nyeupe, na uchungu huo hauondoki kwa sukari. Chuja kwa kichujio cha chai. Ndimu moja nzuri hutoa kijiko kikubwa kimoja hadi viwili. Kamua kwenye kioo au bakuli la udongo, usiiache ndani ya sufuria ya alumini, maana asidi huila alumini na juisi hushika ladha ya chuma. Na kilichokamuliwa leo kitumike leo.

Kuna jambo moja la ngozi ambalo watu wa ufuoni hawana budi kulijua. Maji na mafuta ya ndimu yakikaa kwenye mikono, kisha mikono ikapigwa na jua kali, ngozi huungua. Haiungui papo hapo. Siku moja au mbili baadaye huota malengelenge, kisha hubaki mabaka meusi yanayoweza kukaa wiki nyingi. Nimewaona watalii waliodhani wameumwa na kiwavi baharini, kumbe walikuwa wamekamua ndimu kando ya bwawa adhuhuri. Kamulia ndani, kivulini, halafu osha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla hujatoka nje.

Shira

Sukari ya chembe haiyeyuki vizuri kwenye kitu baridi. Hukaa chini ya glasi, funda la kwanza likawa kali na la mwisho likawa kama peremende. Kwa hiyo tunatumia shira, ileile iliyokukuza ukiila juu ya kaimati, ila hii ni nyepesi. Glasi moja ya sukari, glasi moja ya maji. Pasha moto mdogo, koroga hadi uone maji yameng'aa na chembe hazionekani, basi, epua. Usiichemshe ikawa nzito. Ikipoa itie kwenye chupa safi uiweke kwenye friji. Itakaa wiki tatu bila shida. Ukiona utando juu au ukungu, mwaga.

Katika shira ndipo mtu wa pwani ana utajiri ambao baa nyingi za dunia hazina. Ponda hiliki sita uzitie wakati maji yanapata moto, ziache humo hadi yapoe, kisha chuja. Au vipande vya tangawizi vilivyopondwa, kiasi cha kidole gumba. Au mchaichai. Usichanganye vyote, ladha moja kwa chupa moja.

Ile ninayoipenda kuliko zote ni shira ya danzi. Menya ganda la madanzi matatu kwa kisu chembamba, rangi ya juu tu, nyeupe uiache. Tia maganda hayo kwenye bakuli na nusu glasi ya sukari, kisha sugua kwa mchi au kwa vidole hadi sukari ilowe. Funika, acha saa nne. Ukifunua utakuta sukari imegeuka kama mchanga uliopigwa na wimbi, na jikoni kote kunanukia, kwa sababu sukari imevuta mafuta ya ganda. Mimina nusu glasi ya maji ya moto, koroga, chuja. Hiyo itakaa badala ya zile pombe tamu za machungwa zinazotoka Ufaransa na kuuzwa kwa bei ya kukondesha, na kwa maoni yangu ina harufu hai zaidi. Usipopata danzi, chenza au chungwa litafaa, ila ongeza ganda la ndimu moja.

Barafu

Vitabu vingi vya kokteli vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na barafu huipitia haraka. Sisi hatuwezi. Kati ya Januari na Machi joto la mchana hapa hufika nyuzi 32 na zaidi, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, na barafu ndogo huanza kulia maji kabla hujafunga chupa ya kutikisia. Kinywaji kikizimuliwa kupita kiasi, kazi yote ya ndimu imepotea.

Anza na maji. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na chumvi hiyo haiendi popote yakiganda. Tumia maji ya kunywa. Acha vile vitrei vya vipande vidogo. Chukua makopo safi ya siagi, yajaze ubakize nafasi ya vidole viwili juu, kwa sababu maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9 na kopo lililojaa litapasuka. Yafunike vizuri. Barafu hufyonza harufu, na friza yenye changu na kamba itakupa kokteli ya changu na kamba. Umeme ukikatika usiku ikayeyuka na kuganda upya, itumie kupozea chupa, usiitie ndani ya glasi.

Wakati wa kutumia, lifunge bonge la barafu kwenye leso safi, ligonge kwa mchi mara mbili tatu. Unataka mapande makubwa kama yai. Mwaga maji yaliyojikusanya kabla hujaanza. Glasi nazo zikae friza robo saa. Huu ni uangalifu mdogo, lakini kwenye joto letu ndio unaoamua kama funda la mwisho litakuwa baridi.

Vyombo

Huhitaji chombo cha chuma cha kutikisia. Chupa pana ya jemu, yenye mfuniko wa kukaza, inatosha. Kijiko kikubwa cha kupimia ni mililita 15, cha chai ni 5. Tumia vya kupimia hasa, maana vijiko vya mezani hupishana. Kichujio cha chai na mchi unavyo tayari. Ikague chupa kwanza: yenye ufa au iliyotoka kuoshwa kwa maji moto itapasuka ikikutana na barafu. Na kamwe usitikise soda au maji ya soda ndani ya chupa iliyofungwa. Vinywaji vya gesi huingia mwisho, glasini, polepole.

Glasi ya kwanza

Kanuni ni vijiko vikubwa vinne vya pombe kali, kimoja na nusu cha ndimu, kimoja na nusu cha shira. Ukiijua hiyo, umeshika nusu ya kokteli za ndimu zinazojulikana duniani. Ukitumia ramu nyeupe unapata daiquiri, iliyochukua jina la kijiji kilicho karibu na Santiago de Cuba. Ukitumia Kenya Cane, ambayo asili yake ni miwa, unapata ndugu yake wa hapa nyumbani, na ndiyo ninayokushauri uanze nayo.

Miwa na ndimu vimejuana zamani katika mji huu. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mabaharia wale walikuwa wameteswa njiani na kiseyeye, maradhi ya kukosa vitamini C, na shajara ya safari yao inasema wagonjwa wote walipata nafuu hapa. Mwandishi wake akasifu hali ya hewa. Mimi naamini machungwa yalikuwa na sehemu yao, maana mwaka 1747 daktari James Lind alipowajaribu mabaharia 12 wenye kiseyeye, wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wenzao.

Sasa fanya hivi. Toa glasi friza uiweke karibu. Tia ndimu na shira kwenye chupa kwanza, pombe mwisho, ili ukikosea kipimo usipoteze kilicho ghali. Jaza barafu hadi karibu na mdomo wa chupa. Barafu nyingi huyeyuka polepole kuliko chache, jambo ambalo watu hawaliamini hadi walijaribu. Kaza mfuniko, izungushie leso ili mikono isigande, tikisa kwa nguvu kutoka bega hadi kiuno, hesabu hadi 15. Usitikise kama unayembembeleza mtoto. Barafu inatakiwa igonge, ipige povu, ikitoa maji kiasi cha robo ya kinywaji. Maji hayo yamehesabiwa. Bila hayo pombe ingechoma koo. Chupa ikiota ukungu mweupe nje, fungua, chuja kwenye glasi bila barafu.

Onja kabla hujampa mtu. Ikikunja uso, ongeza shira kijiko kimoja cha chai. Ikiwa tamu na nzito, ndimu kijiko kimoja cha chai. Ikichoma, haijatikiswa vya kutosha. Ikiwa ni maji matupu, barafu ilikuwa imeshalowa tangu mwanzo. Na ikiwa kila kitu kiko sawa lakini bado imenyong'onyea, tia punje chache za chumvi. Chumvi huamsha ndimu, kama muuza mihogo wa ufuoni Mama Ngina anavyojua. Andika kipimo kilichokupendeza, maana ndimu za Januari si za Julai.

Dawa

Hii ndiyo kokteli ya Kenya, na nchi nyingi zinaijua. Ilipata umaarufu kwenye mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, na mama yake ni caipirinha ya Brazili, inayotengenezwa kwa pombe ya miwa, ndimu na sukari. Sisi tukaweka vodka na asali. Usiichanganye na ile dawa ya moto ya tangawizi, limau na asali inayouzwa mikahawani mtu akishikwa na mafua.

Kata ndimu moja vipande vinane, toa mbegu na ule uzi mweupe wa katikati. Tia kwenye glasi fupi imara pamoja na sukari vijiko viwili vya chai. Ponda kwa mchi mwembamba, kwa kulemea na kuzungusha, si kwa kutwanga kama unatwanga kisamvu: unataka maji ya tunda na mafuta ya ganda, hutaki nyama nyeupe ichanike. Hapa sukari ya chembe ina kazi, kwa kuwa inakwaruza ganda na kutoa harufu. Jaza barafu iliyopondwa ndogondogo, mimina vodka vijiko vikubwa vitatu hadi vinne. Kisha chukua kijiti cha mti, kile kinene kidogo, kizungushe ndani ya asali hadi kishike bonge, ukitumbukize.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa kumimina asali moja kwa moja. Asali ikikutana na barafu huganda na kukaa chini kama lami. Kijiti kipo kwa ajili hiyo: mnywaji anaponda na kukoroga mwenyewe, asali ikiachia kidogokidogo, na kila funda linakuwa tamu kuliko lililotangulia. Kama huna kijiti, lainisha asali vijiko viwili kwa kijiko kimoja cha maji moto, ndipo umimine. Mimi hutafuta asali nyeusi ya nyuki wa porini, yenye ukali wa moshi. Ile nyepesi ya dukani hupotea mbele ya ndimu.

Glasi ndefu ya balungi

Kwa alasiri ya joto kali, kinywaji kifupi chenye nguvu si rafiki. Tia kwenye glasi ndefu pombe ya jini (gin) vijiko vikubwa vitatu, juisi ya balungi vinne, ndimu kimoja, shira kimoja. Koroga na barafu, malizia kwa maji ya soda baridi, koroga mara moja tu tokea chini. Jani la mnanaa lipige kofi kiganjani kabla ya kulitia, litoe harufu.

Balungi lina sharti. Huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo zile za kupunguza mafuta kwenye damu kama simvastatin na baadhi za shinikizo la damu, hivyo dawa hujilimbikiza. Mgeni anayetumia dawa kila siku mpe ya limau hadi amwulize mfamasia wake, na amwulize pia kuhusu kileo chenyewe.

Mdomo wa chumvi na pilipili

Muhogo wa kuchoma uliopasuliwa, ndimu, chumvi, pilipili ya unga: mtoto wa Mombasa hahitaji kufundishwa ladha hii. Changanya chumvi vijiko viwili vya chai na pilipili nusu kijiko kwenye kisahani. Pitisha kipande cha ndimu nje ya mdomo wa glasi, nusu ya duara tu, ili mnywaji achague upande. Gusisha kisahanini. Kisha tikisa tekila vijiko vikubwa vitatu, ndimu kimoja na nusu, na shira ya danzi kimoja na nusu. Tekila ni ghali, na Kenya Cane hapa inakubali vizuri, ingawa itakuwa kinywaji kingine.

Watu huniuliza pia kama mnazi, ile pombe inayogemwa kwenye minazi, unafaa kwa kokteli za ndimu. Jibu langu ni hapana. Mnazi ni mchachu tayari, na unaendelea kuchachuka ukiwa ndani ya kibuyu. Ukiuongezea ndimu unaua kile kilicho kizuri ndani yake. Unywe wenyewe, mahali unapogemwa.

Kwa wasiotumia kileo

Kumpa mgeni soda ya chupa huku wengine wakishika glasi zilizopambwa ni kumtenga. Lakini kuondoa pombe tu kwenye kanuni yangu hakutoshi, kwa sababu pombe hutoa moto kooni, uzito ulimini na ukakasi, na ukiiondoa inabaki maji ya ndimu. Rudisha hayo matatu kwa njia nyingine. Moto utoe kwa tangawizi, uzito kwa ukwaju, ukakasi kwa chai ya rangi iliyokolea na kupoa.

Loweka ukwaju gramu 100 kwenye glasi mbili za maji ya uvuguvugu nusu saa, ukamue, uchuje. Tikisa na barafu vijiko vikubwa vinne vya maji hayo, viwili vya chai ya rangi, viwili vya shira ya tangawizi, kimoja cha ndimu. Mimina kwenye glasi ndefu, ongeza maji ya soda, nyunyiza pilipili manga kidogo sana. Na siku ambayo huna muda, dafu baridi, ndimu nusu, chembe za chumvi. Hakuna kinachoshinda hicho adhuhuri.

Kwa mgeni Mwislamu weka chupa yake ya kutikisia, vijiko vyake na glasi zake, ambavyo havijaguswa na pombe kabisa, na mwambie wazi umevitenga. Anza na vinywaji vyake kabla hujafungua chupa nyingine. Usimwambie mtu yeyote kwamba "ni kidogo tu, hutaisikia".

Jagi la watu wanane

Ukitikisa glasi moja moja, hutakaa na wageni wako. Tengeneza jagi: pombe mililita 480, ndimu 180, shira 180, na maji ya kunywa 200. Maji hayo yanachukua nafasi ya barafu ambayo ingeyeyuka wakati wa kutikisa, na watu wakiyasahau jagi huwa kali mno. Nunua ndimu 12 ingawa tisa au kumi huenda zikatosha. Changanya pombe, shira na maji asubuhi uviweke friji. Ndimu itie saa moja kabla ya wageni. Jagi likae ndani ya beseni la barafu, barafu isiingie ndani yake.

Uwaambie pia nguvu yake. Glasi moja hapo ina mililita 60 za pombe ya asilimia 40, yaani kileo kama gramu 19. Bia ya nusu lita ya asilimia 4.2 ina kama 17. Glasi ndogo, tamu, inayoteleza, imeishinda chupa nzima ya bia, na mtu hunywa mbili kabla ya mishikaki kuiva. Pika mapema. Viazi karai na bajia ziwe mezani kabla ya jagi, maji ya kunywa yawe tele, na anayeendesha gari au pikipiki, au aliye mjamzito, apewe ukwaju. Wanaovuka Likoni usiku wapange tuktuk na mwenzao kabla ya glasi ya kwanza.

Kuhusu chupa yenyewe, nunua dukani palipo na leseni, kagua stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na uihakiki kwa programu ya simu ya Soma Label. Kizibo kisiwe kimefunguliwa. Ukipewa bei ya chini isiyoelezeka, iache. Pombe ya bandia huweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua, na ndimu haiondoi sumu hiyo hata tone. Inaificha tu ladha. Mtu akianza kuona ukungu au kulalamika kichwa na tumbo baada ya kunywa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Maganda ya ndimu yatakayobaki usiyatupe. Yakate vipande vinne vinne, yachanganye na chumvi nyingi na pilipili kwenye chupa ya kioo, yaweke juani siku kumi ukiitikisa chupa kila asubuhi. Yatakapolainika, ongeza ndimu moja iliyokamuliwa upya na bizari kidogo, na una achari ya kulia pilau.